Fizi Zinazotoka Damu na Moyo Wako: Yale Kila Mkazi wa Kambi Anapaswa Kujua



Katika toleo hili tunazungumzia kinywa na moyo. Wengi wetu tunakwenda kituo cha afya kwa ajili ya malaria, kuhara, kikohozi au kliniki ya wajawazito. Wanaokwenda kwa ajili ya fizi ni wachache sana. Mtu akitema mate yenye damu asubuhi baada ya kupiga mswaki, husema "mimi ndivyo nilivyo" na kuendelea na shughuli zake. Jino likianza kutikisika, husubiri lianguke lenyewe, au humwita jirani mwenye koleo.

Lakini kinywa hakijatengwa na mwili. Damu inayopita kwenye fizi ndiyo hiyo hiyo inayopita moyoni. Kwa mtu ambaye moyo wake umekwisha kupata kasoro, na hapa Uganda wapo wengi wakiwemo watoto wa shule, fizi mbovu zinaweza kuleta ugonjwa unaoua. Kwa sababu hiyo tunakuomba usome makala hii hadi mwisho, kisha umsomee na asiyejua kusoma.

UGONJWA WA FIZI NI NINI?

Baada ya kula, utando laini hujijenga juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Utando huo huitwa ukoga. Ukipitisha ulimi kwenye meno kabla ya kupiga mswaki, unausikia. Ndani ya ukoga mna vijidudu vingi sana. Usipoondolewa kila siku, huwa mgumu kama jiwe na kuitwa ugaga. Ugaga hautoki kwa mswaki. Ni lazima uondolewe na mtaalamu wa meno kwa vifaa vyake.

Ugonjwa huanza polepole na una hatua mbili:

Hatua ya kwanza: fizi huwa nyekundu, huvimba kidogo na kutoka damu unapopiga mswaki au unapotafuna kitu kigumu kama muwa au mahindi ya kuchoma. Mara nyingi hakuna maumivu. Hatua hii hupona kabisa ukisafisha kinywa vizuri kila siku.

Hatua ya pili: vijidudu hushuka chini ya ufizi na kuanza kula mfupa unaoshikilia jino. Ufizi huachana na jino, mdomo hunuka, usaha unaweza kutoka, meno huonekana marefu kisha hulegea. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe, lakini matibabu yanaweza kuzuia ugonjwa usiendelee.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Kwa hiyo si ugonjwa wa aibu, na si wa wakimbizi peke yao.

Wanaopata ugonjwa huu kwa urahisi zaidi ni wavuta tumbaku, wenye kisukari, wajawazito, watu wenye lishe duni na watu wenye virusi vya UKIMWI. Mvuta sigara ajihadhari zaidi, kwa sababu tumbaku hupunguza damu inayokwenda kwenye fizi. Anaweza asione damu yoyote wakati fizi zake zinaoza ndani kwa ndani.

VIJIDUDU VYA KINYWA VINAFIKAJE MOYONI?

Fikiria kidonda mkononi. Ukikiacha wazi na kukichafua, unajua kwamba uchafu utaingia mwilini. Ufizi unaotoka damu ni kidonda kilicho wazi. Tena ni kidonda kinacholala ndani ya vijidudu usiku na mchana. Kila unapotafuna au kupiga mswaki, baadhi ya vijidudu huingia kwenye mishipa ya damu. Jino linapong'olewa, huingia vingi zaidi.

Kwa mtu mwenye moyo mzima, kinga ya mwili huviua kwa muda mfupi. Ndiyo maana watu wengi hung'oa meno bila tatizo lolote.

Lakini moyo una milango minne, ambayo madaktari huiita valvu. Kazi yake ni kuruhusu damu kupita mbele na kuizuia isirudi nyuma. Mlango ukiwa mzima, uso wake ni laini na vijidudu havipati pa kushika. Ukiwa na makovu, uso wake huwa na mikwaruzo. Hapo vijidudu hukwama, hujenga kiota na kuanza kuula mlango wenyewe. Vipande vya kiota hicho vikimeguka, huchukuliwa na damu hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi, au huenda kwenye figo na viungo vingine.

Ugonjwa huo huitwa endokaditisi, yaani maambukizi ya ndani ya moyo. Usipotibiwa, huua. Hata katika hospitali kubwa zenye vifaa vyote, takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hufariki. Matibabu yake kwa kawaida ni sindano za mshipa kwa wiki 4 hadi 6, na wengine huhitaji upasuaji wa moyo. Unaona basi kwamba kuuzuia ni rahisi mara nyingi kuliko kuutibu.

NI NANI MWENYE MLANGO WA MOYO ULIOHARIBIKA?

Katika nchi zetu, watoto na vijana wengi wenye milango mibovu ya moyo waliipata kutokana na homa ya baridi yabisi. Mambo huanza kwa maumivu ya kawaida ya koo. Mtoto asiyepata matibabu anaweza, baada ya wiki 2 au 3, kupata homa na maumivu ya viungo yanayohama: leo goti, kesho kiwiko. Maumivu hayo huisha, na wazazi hushukuru. Lakini wakati huo mwili wenyewe unaweza kuwa umeshambulia milango ya moyo na kuacha makovu. Miaka kadhaa baadaye kijana huanza kuchoka, kukosa pumzi na kuvimba miguu. Wengine hugunduliwa wakati wa ujauzito, moyo unaposhindwa kubeba kazi ya watu wawili.

Homa hii hushika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na huenea pale watu wengi wanapolala katika nyumba ndogo. Hatuna haja ya kukueleza jinsi tunavyolala kambini. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 55 wana ugonjwa wa moyo unaotokana na homa hiyo, na unaua watu wapatao 360,000 kila mwaka.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huo unazuilika. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao mioyo yao ilikuwa imeanza kuharibika bila dalili. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4. Baada ya miaka 2, katika kundi la sindano watoto 3 kati ya 399 walikuwa wamezidiwa. Katika kundi lisilopata sindano, waliozidiwa walikuwa 33 kati ya 400. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021. Kwa hiyo mzazi uliyeambiwa umlete mtoto kwa sindano kila mwezi, usikose hata mwezi mmoja, hata kama mtoto anacheza mpira na haonekani mgonjwa.

Wengine wanaopaswa kuwa waangalifu na vinywa vyao ni hawa:

- Watu waliowekewa valvu ya bandia.
- Watu waliowahi kuugua endokaditisi.
- Watoto waliozaliwa na tundu au kasoro nyingine ya moyo.

Kama wewe au mtoto wako mmo katika kundi mojawapo, usafi wa fizi si urembo. Ni sehemu ya matibabu ya moyo.

HOMA ISIYOISHA: USIIITE MALARIA TU

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Endokaditisi mara nyingi huanza taratibu. Mgonjwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, uchovu, hukosa hamu ya kula na kupungua uzito. Kambini mtu mwenye dalili hizo husema "ni malaria". Hununua vidonge dukani. Homa hupungua kidogo, kisha hurudi. Hununua tena. Wiki zinapita, na mlango wa moyo unaendelea kuliwa.

Kama una tatizo la moyo na umepata homa, nenda upimwe malaria. Kipimo kikionyesha huna, na homa inaendelea, rudi kituoni na useme waziwazi: "Mimi nina ugonjwa wa moyo." Kama uling'oa jino au ulipata jipu la jino katika wiki zilizopita, sema pia. Usimeze antibiotiki za dukani kabla ya kuonwa na daktari. Dawa hizo zinaweza kuvificha vijidudu, hivyo damu ikipimwa hospitalini visionekane, na daktari ashindwe kujua dawa inayofaa.

Ukiona mgonjwa wa moyo amepooza upande mmoja ghafla, mdomo umepinda, hawezi kusema vizuri au anahema kwa shida, usisubiri asubuhi. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo.

KABLA YA KUNG'OA JINO

Tafadhali usikubali kung'olewa jino nyumbani au sokoni. Koleo lisilochemshwa hubeba vijidudu vya watu wengine, pamoja na virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, hatari ni maradufu.

Ukifika kwa mtaalamu wa meno, mweleze mambo manne kabla hajaanza kazi:

1. Kwamba una ugonjwa wa moyo, au uliwahi kuambiwa moyo wako una sauti isiyo ya kawaida. Kama una kitabu au karatasi ya hospitali, nenda nayo.

2. Kama unachomwa sindano ya penisilini kila mwezi. Sindano hiyo huzuia homa ya baridi yabisi isirudi, lakini haitoshi kukulinda siku ya kung'oa jino. Daktari anaweza kuchagua dawa ya aina nyingine.

3. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu isigande, kwa mfano warfarin. Usiache dawa hiyo kwa uamuzi wako mwenyewe. Watu wenye valvu ya bandia wanaoacha wanaweza kupata kiharusi.

4. Kama dawa yoyote iliwahi kukudhuru.

Baadhi ya wagonjwa hupewa dozi moja ya antibiotiki muda mfupi kabla ya kung'oa jino au kusafishwa ugaga. Si kila mgonjwa wa moyo anaihitaji. Daktari ndiye anayeamua. Usitafute vidonge mwenyewe, na usimpe jirani vilivyobaki.

JE, FIZI MBOVU HULETA PIA MSHTUKO WA MOYO?

Hadi hapa tumezungumzia milango ya moyo. Kuna jambo la pili, nalo linawahusu hasa watu wazima wenye presha au kisukari. Ni mishipa inayoulisha moyo. Mishipa hiyo ikijaa mafuta na kuziba, mtu hupata mshtuko wa moyo. Ukiziba mshipa wa ubongo, hupata kiharusi.

Mwaka 1989 madaktari wa Finland walilinganisha wagonjwa 100 waliopata mshtuko wa moyo na watu wengine 102. Walikuta kwamba vinywa vya wagonjwa vilikuwa katika hali mbaya zaidi. Tangu hapo uchunguzi mwingi umefanyika. Sweden, mwaka 2016, walilinganisha wagonjwa 805 na watu wengine 805, na ugonjwa wa fizi ulikuwa mwingi zaidi kwa wale waliopata mshtuko wa moyo.

Je, hii ina maana kwamba fizi ndizo zilizoziba mishipa? Tuwe wakweli: hilo halijathibitishwa. Huenda mambo yale yale yanaharibu fizi na moyo kwa pamoja. Tumbaku huharibu vyote viwili. Kisukari vilevile. Mwaka 2012 Shirika la Moyo la Marekani lilipitia uchunguzi wote uliokuwepo na kusema kwamba uhusiano upo, lakini hakuna ushahidi kuwa kutibu fizi kunazuia mshtuko wa moyo.

Kinachojulikana ni kwamba fizi zenye ugonjwa huufanya mwili mzima uwe kama unapigana vita kila siku, na vita hiyo haiifai mishipa ya damu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 kwa watu 120 wenye ugonjwa mkali wa fizi ulionyesha kwamba miezi 6 baada ya matibabu ya nguvu, mishipa yao ya damu ilitanuka vizuri zaidi. Tena, kwa mwenye kisukari, kutibu fizi husaidia sukari kushuka kidogo, na sukari ikitulia fizi nazo hupona kwa urahisi. Moja linasaidia lingine.

Kwa hiyo mwenye presha asiseme, "Nitapiga mswaki, dawa ya presha naiacha." Kumeza dawa kila siku, kuacha tumbaku, kupunguza chumvi na kutembea ndivyo vinavyolinda moyo kwanza. Fizi safi zinaongezeka juu ya hayo.

USAFI WA KINYWA KWA KIPATO CHA KAMBINI

Tunajua kwamba fedha ya mgao haitoshi, na familia ya watu 8 kununua miswaki 8 si jambo dogo. Fanya kwa kadiri ya uwezo wako:

- Piga mswaki mara 2 kwa siku. Wa muhimu zaidi ni ule wa usiku kabla ya kulala, usile tena baada yake.

- Sugua taratibu kwa dakika 2. Elekeza nywele za mswaki pale jino linapokutana na ufizi. Sugua mbele, nyuma na juu ya meno ya kutafunia. Kikombe kimoja cha maji kinatosha.

- Nunua dawa ya meno iliyoandikwa fluoride. Huhitaji nyingi. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere.

- Kama hakuna fedha ya mswaki, tumia kijiti cha mti ambao wazee wanautumia kwa meno na unajulikana hauna sumu. Tafuna ncha hadi iwe laini kama brashi, kisha sugua kila jino, pamoja na yale ya nyuma. Kata ncha mpya kila siku.

- Usitumie mchanga, majivu wala mkaa wa kusagwa. Vinakwaruza meno na kuumiza fizi.

- Kila mtu awe na mswaki wake. Mswaki wa kuchangia hupitisha damu ya mmoja kwa mwingine. Funga uzi wa rangi kwenye kila mswaki ili watoto wasichanganye.

- Punguza sukari kwenye chai, soda na peremende. Kula mboga za majani na matunda unapoyapata. Mchicha, sombe na mapera vinaweza kupandwa hata kwenye kiwanja kidogo.

MASWALI TUNAYOULIZWA TUNAPOPITA NYUMBANI

Nikipiga mswaki damu hutoka. Niache?

Hapana. Ukiacha, ukoga huongezeka na damu huzidi. Endelea taratibu kwa mswaki laini. Katika hatua ya kwanza ya ugonjwa, damu hupungua ndani ya wiki 1 hadi 2. Ikiendelea baada ya hapo, nenda ukaonwe. Huenda kuna ugaga.

Maji ya chumvi yanaponya fizi?

Yanatuliza. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua, tema. Lakini hayaondoi ukoga wala ugaga, na hayachukui nafasi ya mswaki.

Fizi zangu zimeota na kufunika meno tangu nianze dawa. Nifanyeje?

Baadhi ya dawa hufanya hivyo, kwa mfano phenytoin ya kifafa na nifedipine ya presha. Usiache dawa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege au presha kupanda. Mwambie aliyekuandikia. Anaweza kubadilisha, na usafi mzuri hupunguza uvimbe.

Mimi ni mjamzito na fizi zinatoka damu. Nisubiri nijifungue?

Usisubiri. Mjamzito anaweza kusafishwa meno na kutibiwa. Taja jambo hilo kwenye kliniki yako.

Mtoto ana kidonda kwenye ufizi, uso umevimba na mdomo unanuka sana.

Mpeleke kituoni leo hii, hasa kama alitoka kuugua surua au ana utapiamlo. Inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto kwa siku chache. Ukiwahi, antibiotiki na chakula bora humwokoa.

SASA UFANYE NINI?

Jioni ya leo, kaa na familia yako kwenye mwanga. Kila mmoja afungue mdomo. Tazama kama fizi ni nyekundu, zimevimba au zina usaha, na kama kuna jino linalotikisika. Kisha uliza: je, katika nyumba hii yupo aliyewahi kuambiwa ana tatizo la moyo? Yupo mtoto aliyewahi kupata homa na viungo kuuma kwa kuhamahama? Yupo anayechoka haraka kuliko wenzake?

Jibu likiwa ndiyo kwa maswali ya moyo na pia fizi zake ni mbovu, mtu huyo ndiye wa kwanza kupelekwa. Mwone mhudumu wa afya wa jamii, yaani VHT wa kijiji chako. Atakuambia siku ambayo huduma ya meno inapatikana na jinsi ya kupata rufaa. Kwa matatizo makubwa ya moyo, rufaa huweza kufika hadi Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala. Lakini safari hiyo yote huanzia kwenye kituo chetu, na huanza kwa wewe kusema.

Mtoto anayelalamika koo linamuuma naye asiachwe. Koo la leo likitibiwa, moyo wa kesho unapona.

KUMBUKA:

Damu kwenye fizi si kawaida.
Jino haling'olewi sokoni.
Mwenye ugonjwa wa moyo, sema kabla ya kutibiwa meno.
Homa isiyoisha kwa mgonjwa wa moyo si ya kununulia vidonge dukani.
Mswaki wa usiku usikose.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mpe na jirani yako habari hii.